Shajara ya mradi: meno ya mbwa, Kusini Unguja

Rajabu, wiki ya mwanzo

Tumeanza. Timu ni daktari wa mifugo mmoja, mimi msaidizi wake niliyezoea zaidi ng'ombe na punda, na vijana wawili wa Jambiani ambao siku nyengine huwa baharini. Eneo letu ni Paje, Jambiani na Makunduchi. Mbwa tunaowalenga ni wa aina tatu: mbwa wanaolinda hoteli, mbwa wa majumbani (wengi ni wa wageni waliohamia, lakini wenyeji wanaofuga wapo, tena zaidi kuliko wanavyokiri), na mbwa wa wasasi, yaani wawindaji.

Kwa nini meno? Kila tukienda kuchanja kichaa cha mbwa, ukiinua mdomo kutazama rangi ya ufizi, harufu inakufikia kwanza. Mwenye mbwa hucheka: "Mbwa si ndivyo anavyonuka!" Sivyo. Kinywa cha mbwa mzima kina harufu yake ya chakula na mate, lakini hakinuki uozo. Kinachonuka uozo kina ugonjwa, na ugonjwa huo unauma. Mbwa hasemi. Anaendelea kula, anatafunia upande mmoja, anameza vipande vizima, na mwenye mbwa anaridhika kwamba sahani imemalizika.

Sharti la kwanza limeandikwa ukutani: mbwa asiyechanjwa kichaa haguswi kinywa. Akiletwa, anachanjwa, anarudi kwao, na tunangoja mwezi. Na mbwa anayetokwa na udende huku taya limelegea, hata mwenyewe aape kwamba amekwamwa na mfupa, hatumtii mkono. Kichaa cha aina ya kupooza huanza hivyo hivyo, na "mfupa uliokwama" ndio unaowaponza watu wema. Sisi sote wanne tumeshapigwa sindano za kinga kabla ya kazi. Akituuma hata mbwa aliyechanjwa, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali.

Rajabu, mwishoni

Wiki hizi zilikuwa za kutazama tu. Hatukukwangua, hatukung'oa.

Mbwa mkubwa ana meno 42: 20 juu, 22 chini. Mtoto ana 28, na akifika miezi saba hivi yanakuwa yameshabadilika yote. Tumetengeneza karatasi yenye mchoro wa mataya mawili, kila jino na nafasi yake, na kila mbwa ana karatasi yake.

Namna ya kutazama tumewafundisha vijana hivi: usisimame mbele ya mbwa. Kaa ubavuni kwake. Mkono mmoja unashika pua kwa juu bila ya kuziba matundu, dole gumba la mkono wa pili linainua mdomo wa juu pembeni. Taya huna haja ya kulifungua. Karibu yote ya kuonekana kwa mara ya kwanza yako upande wa shavu, hasa kwenye gego kubwa la juu, la nne kuhesabu nyuma ya chonge. Hapo karibu ndipo vijitundu vya mate vinapomwagia, na ndipo ugaga unapojaa kuliko kwengine.

Mpangilio wenyewe ni huu. Baada ya kula, bakteria hujipaka juu ya jino kama utando laini, ukoga, na ndani ya siku moja utando umeshakaa. Mate ya mbwa yana magadi zaidi kuliko yetu, na madini yaliyomo huanza kuugandisha ukoga ule katika siku mbili tatu. Ukishaganda ni ugaga, na mswaki hauutoi tena. Kwa upande mwengine, mate hayo hayo ni moja ya sababu kwamba mbwa hatoboki meno sana kama sisi. Maradhi yake yeye yako kwenye ufizi.

Na hapa ndipo wenye mbwa wanapopotea. Wanaangalia ugaga wa kahawia unaoonekana, wanataka utolewe jino liwe jeupe. Kinachoua jino kiko chini ya ufizi, pahala pasipoonekana: bakteria wameingia kwenye upenyo baina ya jino na ufizi, mwili unapambana nao, na katika mapambano hayo nyama na mfupa unaolishikilia jino unaliwa kidogo kidogo. Ufizi ukiwa umevimba tu na kutoka damu, hiyo ni hatua ya kwanza na inarudi kuwa salama. Mfupa ukishaanza kuliwa haurudi. Hadi robo ya kishikizo ikipotea ni hatua ya pili, hadi nusu ni ya tatu, zaidi ya nusu ni ya nne, na jino la hatua ya nne kwa kawaida ni la kung'oa. Kipimo ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita: kwa mbwa mzima kinaingia chini ya ufizi milimita 3 kwa ukubwa, mara nyingi pungufu.

Tulichokiona kinagawanyika wazi. Wabaya kuliko wote ni mbwa wadogo wa majumbani, wale wa manyoya wanaobebwa mikononi: taya dogo, meno yamebanana, wengine wana chonge za utotoni zilizokataa kutoka zimesimama ubavu kwa ubavu na za ukubwani. Mbwa wa hoteli wako katikati. Mbwa wa wasasi, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaangalia mdomoni, ufizi wao ni mzuri kupita wote. Lakini meno yao yamevunjika.

Kwa hiyo miradi ni miwili ndani ya jina moja. Daktari alitaka tubaki na mpango mmoja kwa wote. Mimi sikukubali, tumebishana mpaka magharibi, na mbwa wa wasasi wamepata ukurasa wao.

Shaabani, mwanzoni

Tulijua suala litakuja, na lilikuja kabla hatujafungua boksi la miswaki. Mlinzi mmoja wa Paje, mtu mzima, aliinua mkono: "Daktari, huo mswaki nitaushika mimi. Mwenye hoteli yeye amelala. Mate yakinirukia, alfajiri nasali vipi?"

Wataalamu wengi hulipita suala hili kwa adabu, au huliona ni kisingizio. Mimi naliona ni suala la ufundi kama lilivyo suala la maji ya mashine ya kukwangua meno. Mtu hawezi kufanya kila siku kazi inayomharibia swala zake tano. Atafanya mbele yako, ukiondoka anaacha.

Tukamwomba sheikh mmoja wa Jambiani aje barazani. Alikaa, akasikiliza, akataka hata kuuona mswaki. Maneno yake kwa ufupi: mbwa wa ulinzi, wa shamba na wa kuwinda anafugika. Mate yake ni najisi nzito, na pahala palipoguswa na umajimaji panaoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Kikavu kwa kikavu hakina kitu. Glavu ni kizuizi, najisi inabaki juu yake. Kijana mmoja akauliza kuhusu sabuni ya dawa. Akajibiwa kwamba kwa kauli anayoishika yeye, sabuni haikai pahala pa udongo. Kisha akawakumbusha hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake kumnyweshea mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, akasamehewa. "Yule alipata kwa maji," akasema, "nyinyi tafuteni kwa mswaki." Baraza zima likacheka, na kazi ikawa nyepesi.

Kila kituo sasa kina: ndoo mbili na kopo, mkebe wa udongo uliofunikwa, boksi la glavu, na koti la kazi linaloning'inia pale pale na haliendi nyumbani kwa mtu. Udongo ulitusumbua kuliko tulivyodhani. Kusini huku ni uwanda, jiwe tupu, na udongo mwekundu umejificha kwenye vishimo. Pwani ni mchanga. Vijana walitafuta kinongo upande wa ndani, wakakichekecha, wakakianika. Vitu hivi vyote pamoja bei yake ni nafuu kuliko ya miswaki yenyewe.

Shaabani, katikati

Mafunzo ya mswaki. Mswaki wa mtoto mchanga, wenye nywele laini, unatosha. Dawa ya meno ya watu hapana, na hili tumelirudia mpaka tukachosha. Mbwa hatemi, anameza. Floridi iliyomo inamdhuru tumbo, na baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, sukari ya bandia ambayo kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuharibu ini. Dawa ya mbwa yenye ladha ya kuku ipo, inaagizwa kutoka nje, na bei yake si ya mlinzi. Tumeamua: maji matupu. Kinachoondoa ukoga ni msuguo wa nywele za mswaki. Dawa ni kishawishi tu, na kishawishi kinaweza kuwa mchuzi wa samaki usio chumvi.

Hatua tulizowapa: siku za mwanzo kidole chenye glavu tu, kinapitishwa juu ya ufizi kwa nje, halafu kipande cha samaki. Akizoea, kitambaa laini kilichoviringishwa kidoleni. Akizoea hicho, mswaki, umelazwa kwa mshazari kuelekea ufizini, miduara midogo, upande wa shavu tu. Upande wa ulimi mbwa anausafisha mwenyewe kwa kiasi fulani. Chini ya dakika mbili kazi imekwisha. Mbwa akinguruma unaacha, na usirudi tena siku hiyo.

Na iwe kila siku. Ugaga unaanza kuganda siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo mswaki wa Ijumaa kwa Ijumaa ni kujichosha. Kwa anayeshindwa kabisa tumempa maji ya klorheksidini, dawa ya kuua bakteria, ya asilimia 0.12, ya kupaka ufizini. Yanafaa, ingawa yakitumika muda mrefu yanatia rangi ya kahawia menoni na mbwa wengine huyachukia.

Mwenye hoteli mmoja alituuliza kuhusu vijiti vya kutafuna vinavyouzwa mjini, pakiti zote zimeandikwa "husafisha meno". Baraza la Marekani la afya ya vinywa vya wanyama, liitwalo VOHC, lililoanzishwa 1997, huipa muhuri bidhaa iliyoonyesha kwa majaribio kwamba inapunguza ukoga au ugaga. Tukasoma pakiti zake moja moja. Hakuna hata moja yenye muhuri. Basi ni peremende za mbwa.

Ramadhani

Kazi imepungua, na ni sawa. Walinzi wamehamisha mswaki kutoka asubuhi kwenda baada ya alasiri ili wapate muda wa kuoga kabla ya futari. Wawili wameomba kupumzika mwezi mzima; tumewakubalia na mbwa wao wanapakwa klorheksidini na mpishi wa hoteli, ambaye hakuomba kazi hiyo lakini ameipenda.

Jambo moja la kuandika: mabaki ya futari. Tambi, kaimati na mihogo ya nazi inamwagiwa mbwa usiku. Si sukari inayonitia wasiwasi zaidi. Vyakula hivi ni laini na vinanata, mbwa hatafuni kitu, na ukoga unapata raha yake.

Mfunguo Mosi, mvua za masika

Hoteli nyingi zimefunga, wageni hawapo, mbwa hawana kazi. Huu ndio msimu wa matibabu na tuliupanga tangu mwanzo. Tumepewa chumba kikavu chenye meza, umeme na tangi la maji.

Nitaeleza siku moja ilivyokwenda, kwa sababu nyengine zote zimefanana nayo.

Mbwa analala bila kula tangu usiku. Asubuhi anapimwa uzito kwa mizani, hakadiriwi kwa macho, kwani dawa ya usingizi inahesabiwa kwa kilo. Moyo na mapafu vinasikilizwa. Wazee wanapimwa damu kwanza, na mmoja aliyekuwa na figo mbovu tumemrudisha. Sindano ya kumtuliza, kanula (kijibomba cha kupitishia dawa mshipani) mguuni, sindano ya usingizi, halafu mpira wa kupumulia unaingizwa kooni na puto lake linajazwa upepo. Mpira huu hauna mjadala. Mashine ya kukwangua hutetema kwa kasi na lazima imwagiwe maji muda wote, la sivyo jino linaungua ndani. Maji yale yamejaa bakteria na vumbi la ugaga. Koo likiwa wazi, yanaishia mapafuni. Mmoja wetu hafanyi kitu chengine isipokuwa kuhesabu pumzi, kutazama rangi ya ulimi na kuandika kila dakika tano.

Ugaga mkubwa unapasuliwa kwa koleo, halafu mashine, sekunde chache kwa kila jino na kuhama. Baada ya hapo kazi ya mkono: kikwangulio chenye ncha ya mviringo kinaingia chini ya ufizi na kuvuta kilichomo. Hapa ndipo matibabu yalipo. Kisha kila jino linapimwa kwa kijiti cha milimita, pande zote, na karatasi inajazwa. Mwisho jino linasuguliwa kwa unga laini hadi liwe nyororo, kwa sababu mashine inaacha mikwaruzo isiyoonekana na ukoga unapenda pahala palipokwaruzwa. Kijana wetu aliona hatua hii ni urembo na akataka tuiruke ili mbwa wanne waingie siku hiyo. Tulibaki na watatu.

Ya kung'oa yalikuwa mengi kuliko tulivyotarajia kwa mbwa wadogo. Ganzi inadungwa karibu na mshipa wa fahamu hata kama mbwa amelala, ili akiamka asiamke na maumivu, na pia ili dawa ya usingizi ipunguzwe. Jino la mzizi mmoja linatolewa kwa subira: chombo kinazungushwa kidogo, kinashikiliwa, nyuzi zinachoka zenyewe. Ukitumia nguvu taya la chini la mbwa mdogo linavunjika, maana mfupa wake umeshaliwa. Chonge ni habari nyengine. Mzizi wake ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana, na ile ya juu imetengwa na pua kwa ukuta mwembamba tu wa mfupa. Kwa mbwa mmoja wa Paje ukuta huo ulikuwa umeshatoboka kabla hatujamgusa. Mwenyewe alikuwa akisema mbwa wake ana mafua ya kudumu, kila akinywa maji anapiga chafya. Chonge ilitoka, daktari akanyanyua ufizi na kuushona ufunike tundu. Chafya zimeondoka.

Picha za eksirei za meno hatuna. Zaidi ya nusu ya jino iko chini ya ufizi, kwa hiyo kuna magonjwa tunayapita bila kuyaona. Tunachoweza ni kukagua kila mzizi uliotoka: ncha iwe ya mviringo na laini. Ikiwa imekatika na makali, kipande kimebaki, na hatumuamshi mbwa mpaka kimepatikana.

Tulinusurika mvua moja ambapo umeme ulizimika katikati ya mbwa wa pili. Taa za kichwani, vikwangulio vya mkono, tukamaliza.

Mfunguo Mosi, siku za mwisho

Tumeletewa mbwa ambaye meno yake ni meupe yanang'aa na kinywa kinanuka. Mwenyewe alilipa mtu anayepita pwani na kukwangua ugaga mbwa akiwa macho, ameshikiliwa na watu wawili. Nje safi. Kijiti chetu kilizama milimita 7 kwenye gego la chini.

Jumuiya ya dunia ya madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, katika mwongozo wake wa meno inapinga kazi hii moja kwa moja, na sababu unaziona mwenyewe ukishajaribu kumshika mbwa aliye macho umwingize chuma chini ya ufizi. Haiwezekani. Kinachofanyika ni kupaka chokaa ukuta unaoliwa na mchwa. Na mbwa yule sasa akiona mkono karibu na mdomo anauma, kwa hiyo hata mswaki umepotea. Meno mawili yametoka.

Mfunguo Tatu, wiki baada ya Idi Kubwa

Ukurasa wa wasasi.

Nyama ya kuchinja imegawiwa, na mifupa imewafikia mbwa wa kila mji. Ndani ya siku chache tumeitwa Makunduchi kuona mbwa "aliyeumwa na nyuki": uvimbe chini ya jicho la kulia, jicho nusu limefumba. Mwenyewe, mzee ambaye amesasi nguruwe na kima wa mashambani tangu ujana wake, alikuwa amempa kidonge cha diklofenaki alichopewa yeye hospitali kwa goti. Mbwa ametapika damu. Vidonge vya maumivu vya watu, diklofenaki na ibuprofeni hasa, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, hata kwa kiasi ambacho mtu hakisikii. Kwanza tulitibu tumbo, siku kadhaa, ndipo tukafika mdomoni.

Chini ya jicho ndipo mizizi ya lile gego kubwa la juu inapoishia. Lina mizizi mitatu. Jino lilikuwa limepasuka kibapa kizima kwa upande wa shavu, na si kwa mfupa wa Idi hii: katikati ya mpasuko palikuwa na kitundu cheusi, kiini, ile sehemu hai ya ndani ya jino, kimeshakufa zamani. Bakteria waliteremka kwa tundu lile hadi kwenye ncha za mizizi, usaha ukatafuta njia, ukatokea usoni. Mzee akasema, "Mwanangu, uvimbe huu ulikuja mwaka jana, nikapewa sindano, ukaondoka." Ndivyo. Antibiotiki inatuliza usaha na kuliacha jino bovu pale pale, halafu unarudi. Dawa ni mbili tu: kusafisha na kuziba mizizi, ambayo hapa kwetu hatuna vifaa vyake, au kung'oa. Daktari alilikata jino vipande vitatu, kila mzizi na kipande chake, akashona kwa uzi unaoyeyuka. Kwa wiki mbili alikula wali laini na samaki aliyepondwa. Sasa mzee anatuambia mbwa amekuwa kijana. Hakujua alikuwa akiumwa mwaka mzima, na mbwa alikuwa akienda msituni muda wote huo.

Baada ya hapo wasasi wameleta mbwa wao wenyewe, bila ya kuitwa. Tumejifunza kutenganisha vitu viwili vinavyofanana. Mbwa anayetafuna mawe, na uwanda huu haukosi mawe, meno yake yanasagika polepole, na katikati inaonekana doa la kahawia. Ukilipitishia ncha ya chuma inateleza: jino limejijengea kinga kwa ndani, liache. Ncha ikizama kwenye tundu, au doa likiwa jekundu na mbwa akiruka, kiini kiko wazi na jino lina kazi ya kufanyiwa. Nyingi ya chonge zilizovunjwa na nguruwe ni za aina hii ya pili.

Kuhusu mifupa, wazee hawakubali kwa urahisi, na hoja yao si ya kijinga: mbwa wao wanaotafuna mifupa wana ugaga kidogo kweli, karatasi zetu zenyewe zinasema hivyo. Hatukubisha na hilo. Tuliwaonyesha magego. Kanuni tuliyokubaliana nayo: bonyeza kwa ukucha wa dole gumba, kama hauachi alama, kitu ni kigumu kuliko jino. Mfupa mkavu wa paja la ng'ombe, kwato na jiwe viko upande huo. Kumbi la nazi bichi linapita mtihani na mbwa wanalipenda, ila nyuzi zake hukwama baina ya meno, kwa hiyo mtu atazame na kuzitoa.

Mfunguo Nne

Wiki ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, hakuna aliyefanya kazi Makunduchi, nasi tulikwenda kutazama kama watu wengine.

Mawili ya kukumbuka. Watoto wa mbwa wa Jambiani wenye vidutu vyeupe mdomoni kama koliflawa: ni virusi vya ujanani, huondoka vyenyewe kwa miezi michache, hatukugusa. Na mbwa jike mtu mzima mwenye uvimbe mwekundu wa ufizini unaotoka damu, akaletwa kama "jino bovu". Jino lilikuwa zima. Tumechukua sampuli kwa sindano: ni ile saratani ya mbwa inayoambukizwa kwa kupandana na kulambana. Inatibika vizuri kwa vinkristini, sindano ya kila wiki kwa wiki kadhaa, na sasa yuko kwenye dawa. Kama angepita mikononi mwa mtu mwenye koleo tu, jino lingetoka na saratani ingebaki.

Watoto wengine wawili meno yao ya ukubwani yametoka na mashimo na mabaka ya kahawia, tabaka la nje halikukamilika. Mama yao aliwazaa wakati wa mlipuko wa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, mtaani, nao waliugua wakapona. Kwao chanjo ya distempa ingekuwa ndiyo dawa ya meno.

Mfunguo Tano

Tumepita kila kituo kukagua tuliowakwangua masika. Nani bado anapiga mswaki?

Majumbani, wengi wameacha. Wana mbwa wadogo, dawa ya meno ya kuku iko kwenye friji, na ufizi umeanza kuwa mwekundu tena. Wanaoendelea ni walinzi, na ukiangalia ramani, ni walinzi wa vituo ambavyo ndoo na mkebe wa udongo havijakauka. Kituo kimoja ambako meneja aliondoa ndoo kwa sababu "zinaharibu sura ya bustani", mswaki ulikufa wiki ile ile. Tumezungumza naye. Ndoo zimerudi, nyuma ya jiko.

Yule mlinzi wa Paje aliyeuliza swali la swala ana mbwa mwenye kinywa kizuri kuliko wote kwenye karatasi zetu. Hakuna kijiti kinachozama zaidi ya milimita 2. Anasema anatumia dakika moja kwa mbwa na tano kwa mkono wake.

Maamuzi ya awamu ijayo, tuliyokubaliana leo:

Fedha za dawa ya meno ya kuagiza zinakwenda kwenye glavu na ukarabati wa mashine ya kusugulia. Wasasi hawapewi miswaki, hawaitaki na mbwa wao hawaihitaji sana; badala yake kila mbwa wao anafunguliwa mdomo siku ya chanjo, magego manne makubwa na chonge nne, basi. Mbwa wadogo wa majumbani wanaandikiwa usafishaji wa kila mwaka chini ya usingizi bila kujali ahadi za mwenyewe, na gharama analipa yeye. Daktari ameanza kuulizia mashine ya eksirei ya meno iliyotumika. Mpaka ipatikane, gego lolote lenye mzizi unaotiliwa shaka linapelekwa Dar es Salaam.

Vijana wanakwenda kuchekecha udongo kesho, kabla ya vuli.